Picha hii ya baiskeli ilipigwa wapi? Tazama cheni kabla ya mlima

Mtu akionyeshwa picha ya baiskeli iliyosheheni mizigo, imeegemezwa kando ya barabara na nyuma yake kuna mlima, jicho hukimbilia mlima. Hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Mlima mmoja una sura nyingi kulingana na upande unaotazamwa. Mawingu huficha nusu yake, lenzi huuvuta karibu, na picha yenyewe huenda imegeuzwa kushoto kulia bila hata aliyeituma kujua. Vitu vidogo vilivyo karibu na kamera husema ukweli mapema zaidi: upande wa cheni, maandishi ya duka, namba ya pikipiki iliyokuwa inapita, kivuli cha usukani.

Hapa nazungumzia picha za safari, hasa za baiskeli, zilizopigwa Afrika Mashariki na nchi za Maziwa Makuu. Kazi yenyewe ni ya kukataa. Unaorodhesha mahali panapowezekana, kisha unatafuta katika picha kitu kimoja tu kinachopinga kila mahali. Pakibaki mahali pamoja, umepata. Ukianza kwa kupenda jibu moja na kulitafutia ushahidi, utalipata hata kama ni la uongo.

Kwanza faili

Ukiwa na faili la asili, fungua taarifa zake za ndani, zile zinazoitwa EXIF. Simu nyingi huandika humo latitudo na longitudo, saa, aina ya kamera na urefu wa fokasi wa lenzi. Programu ya ExifTool ni ya bure na huonyesha zote. Tatizo ni kwamba picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa za mahali. Mwombe mwenye picha aitume kama dokumenti, hapo hufika ilivyo. Facebook na Instagram nazo huziondoa taarifa hizo katika nakala inayoonekana na watu.

Hata zikiwepo, zikague. Simu iliyowashwa muda si mrefu inaweza kuandika mahali pa mwisho ilipokumbuka, kilomita kadhaa nyuma. Na kama mahali pamepatikana kwa kulinganisha saa ya kamera na njia iliyorekodiwa na kifaa cha GPS cha baiskeli, kosa la saa hugeuka kosa la umbali: kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kila dakika moja ni mita 330 hivi. Aliyevuka Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda bila kurudisha saa ya kamera nyuma kwa saa moja, picha zake za Rwanda zote zitakaa mbali na ukweli kwa mwendo wa saa nzima.

Cheni inasema kama picha imegeuzwa

Baiskeli karibu zote duniani zina cheni upande wa kulia wa mwendeshaji. Kwa hiyo katika picha iliyo sahihi, ukiiona cheni upande wako, gurudumu la mbele lazima lielekee kulia kwa picha. Ukiiona cheni na gurudumu la mbele limeelekea kushoto, picha imegeuzwa. Baiskeli ya watu wawili ni tofauti kidogo, nyingi zina cheni ya pili upande wa kushoto, kwa hiyo usihukumu kwa hizo.

Picha hugeuzwa kwa sababu za kawaida kabisa: kamera ya mbele ya simu, slaidi ya zamani iliyowekwa kinyume kwenye skana, au mtengeneza bango aliyetaka baiskeli ielekee maandishi yake. Usipoliona hilo mwanzoni, kila kitu kinachofuata kitakupotosha: upande wa barabara, mpangilio wa vilele, mwelekeo wa kivuli. Igeuze irudi sawa kwanza, ndipo uendelee.

Cheni hiyohiyo hukupa jambo la pili ambalo wengi hawalitumii. Tuseme mwendeshaji yuko ukingoni mwa barabara, nyuma yake kuna majani, na lami iko kati yake na kamera. Ukiiona cheni, mpiga picha yuko kuliani mwake, maana yake mwendeshaji anapita kushoto mwa barabara. Usipoiona cheni, anapita kulia. Kenya, Tanzania, Uganda, Malawi, Zambia na Msumbiji hupita kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo, Ethiopia na Sudan Kusini hupita kulia. Nusu ya ramani imeondoka kwa kutazama cheni tu, bila kuona hata gari moja.

Jihadhari na mwendeshaji anayekimbia shimo, au anayepanda kilima akiwa upande usio wake kwa sababu bega la barabara ni pana huko. Wala usitumie usukani wa gari kama ushahidi, kwa kuwa Burundi na mashariki ya Kongo magari yenye usukani wa kulia ni mengi ingawa wanapita kulia. Kinachohesabika ni upande ambao magari mawili au matatu yanapita.

Soma kila herufi

Ongeza mwanga kwenye picha, kuza kila kibao, hata kile cha mbali kinachoonekana kama doa. Kibao cha shule kikisomeka "Shule ya Msingi", uko Tanzania karibu kwa uhakika. Kenya na Uganda huandika "Primary School" hata mahali ambapo hakuna anayezungumza Kiingereza nje ya darasa. Vivyo hivyo "Zahanati" na "Ofisi ya Serikali ya Kijiji" ni Tanzania, "Dispensary" na "Chief's Office" ni Kenya. Muuza nyama wa Tanzania huandika "Bucha", wa Kenya "Butchery". Anwani ikianza na "S.L.P." ni Tanzania, "P.O. Box" inaweza kuwa popote kati ya nchi zilizotawaliwa na Waingereza, na "B.P." inakupeleka Rwanda, Burundi au Kongo. Ukutani, Mtanzania huandika "Nyumba hii haiuzwi", na nyumba iliyoingia hifadhi ya barabara hupigwa alama nyekundu ya X. Ukiona "Alimentation", neno la Kifaransa la duka la vyakula, juu ya duka dogo na Kiswahili mlangoni mwa duka linalofuata, fikiria Kivu au Katanga, huko Kongo, kabla ya Bujumbura.

Rangi za kampuni za simu ni maandishi pia, hata herufi zisiposomeka. M-Pesa ya kijani ni Safaricom, Kenya. M-Pesa nyekundu ni Vodacom, yaani Tanzania, Kongo au Msumbiji. Njano ya MTN ni Uganda au Rwanda, au Sudan Kusini na Zambia. Kenya na Tanzania hutaikuta. Lumitel ni Burundi, Halotel ni Tanzania. Airtel peke yake haikusaidii kwa nchi, iko karibu kote, lakini inakusaidia kwa mwaka. Ukuta wenye Celtel ni wa kabla ya 2008, Zain ni 2008 hadi 2010, Airtel ni baada ya hapo. Tigo wa Tanzania alibadili jina kuwa Yas mwishoni mwa 2024. Kumbuka tu kwamba rangi ya ukuta hudumu kuliko kampuni. Kuta za vijijini zinaweza kubeba jina lililokufa miaka kumi iliyopita, kwa hiyo jina la zamani halithibitishi picha ya zamani. Jina jipya ndilo linalothibitisha kwamba picha si ya kabla ya hapo.

Vituo vya mafuta na bia ni ushahidi dhaifu. Makampuni huvuka mipaka, na bango hubaki baada ya kituo kuuzwa.

Pleti namba hata ikiwa na ukungu huwa na umbo. Tanzania bara ni T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Ya gari binafsi ni ya njano. Pikipiki na bajaji huanza na MC. Zanzibar huanza na Z. Kenya ni herufi tatu zinazoanza na K, tarakimu tatu, herufi moja, na pikipiki huanza na KM. Pleti nyingi za Uganda hufuata umbo kama la Kenya, zikianzia U. Herufi husonga kwa alfabeti, kwa hiyo zinatoa mwaka wa chini kabisa: Kenya ilianza KBA mwaka 2007 na KDA mwaka 2020. Gari la KDC likipita nyuma ya baiskeli, picha haiwezi kuwa ya 2015 hata kama mwenyewe anaapa.

Usafiri wa watu nao una mavazi yake. Mstari wa njano kuzunguka ubavu wa matatu ni Kenya, tangu kanuni za 2004. Basi dogo jeupe lenye vipande vya mraba vya buluu ni Uganda. Mtu anayeteremka na mkokoteni wa mbao wenye magurudumu mawili, akipiga goti moja juu yake, umebeba magunia ya mkaa au viazi: hiyo ni chukudu, na uko Goma au vilima vya Kivu Kaskazini. Waendesha baiskeli walioshika mkia wa lori mlimani ili wavutwe ni Burundi, barabara inayopanda kutoka Bujumbura kwenda Bugarama. Mawe yaliyopangwa kwenye mteremko mkali, watu wamejaa pande zote na baiskeli ni za mbio, ni Kigali. Tangu mashindano ya dunia ya Septemba 2025 picha hizo zimekuwa nyingi.

Reli na madaraja

Reli ya kisasa yenye nguzo na nyaya za umeme juu yake ni ya Tanzania au Ethiopia. Ya Kenya, iliyofunguliwa 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, inatumia dizeli na haina nyaya. Tanzania ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024. Reli nyembamba yenye majani katikati haitoshi kukupa nchi: reli ya kati ya Tanzania na ile ya zamani ya Kenya na Uganda zote zina upana wa milimita 1,000, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, milimita 1,067, na tofauti hiyo haionekani kwa macho.

Madaraja ni bora zaidi kwa sababu kila moja lina umbo na mwaka. Daraja la nyaya lililoshikwa na nguzo ndefu mjini Jinja lilifunguliwa Oktoba 2018. Kabla ya hapo baiskeli zote zilipita juu ya bwawa la Owen Falls la mwaka 1954. Daraja la Kigamboni ni 2016. Daraja la Kigongo–Busisi, juu ya Ziwa Victoria karibu na Mwanza, ni 2025, kwa hiyo baiskeli iliyo juu ya kivuko hapo kwa kawaida ni ya miaka iliyotangulia. Lami nayo ina tarehe. Njia ya Babati, Kondoa hadi Dodoma ilizinduliwa kwa lami 2018. Mtu anayesukuma baiskeli kwenye vumbi jekundu na mawimbi ya barabara akisema yuko Kondoa, picha yake ni ya kabla ya hapo, au yuko njia ya pembeni.

Mti haukai nchi moja

Mimea na udongo ni wa kupunguza, si wa kuamua. Minazi inakuweka pwani au karibu nayo. Mafunjo yanakupa bonde lenye maji, mara nyingi la Uganda, Rwanda au Kagera. Ng'ombe wenye pembe ndefu ajabu ni wa Ankole, Rwanda, Burundi au Karagwe. Migomba mpaka upeo wa macho inaweza kuwa Bukoba, Masaka, Ngozi au miteremko ya Kilimanjaro, na hapo unahitaji kitu kingine. Vigae vyekundu vya udongo kwenye nyumba za kijijini, juu ya kilima baada ya kilima, ni Rwanda na Burundi zaidi kuliko jirani zao. Mikaratusi ipo kila mahali, iache.

Mibuyu ndiyo inayopoteza watu wengi. Picha ya baiskeli chini ya mbuyu huandikwa "Ruaha Mbuyuni" kwa haraka mno. Bonde lile lina dalili zake. Vilima vikavu viko karibu pande zote mbili, Mto Ruaha Mkuu upo jirani, malori ni mengi kwa kuwa ndiyo njia kuu ya Zambia, na kando ya barabara wanauza vitunguu vilivyorundikwa na kuning'inizwa kwenye vibanda. Kusini magharibi ya hapo barabara inaanza kupanda Kitonga, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Mbuyu wa Kibwezi, Kenya, una tuta refu la reli ya kisasa sambamba na barabara. Mbuyu wa Kilifi umesimama kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, pengine na mkonge nyuma yake. Mbuyu wa Dodoma uko kwenye uwanda mpana wenye vilima vya mawe ya granaiti vilivyochomoza peke yake. Ukisema mbuyu bila kusema udongo ulio chini yake, hujasema kitu.

Kilimanjaro, kwa karibu

Huu ndio mlima unaopigwa picha nyuma ya baiskeli kuliko wote, na ndio unaoweza kukupa jibu la kilomita chache ukiutendea haki. Kibo, mita 5,895, ni kuba pana yenye kichwa bapa. Mawenzi, mita 5,149, ni meno yaliyovunjika. Mawenzi iko mashariki ya Kibo, kama kilomita 11. Kutoka hapo kila kitu kinajitokeza.

Mawenzi ikiwa kulia kwa Kibo, unatazama kutoka kusini: Moshi, Himo, mashamba ya miwa ya TPC. Mawenzi ikiwa kushoto, uko kaskazini, yaani Amboseli, Kimana au karibu na Loitokitok. Ukiona Kibo peke yake na bega refu bapa mbele yake, lile la Shira, uko magharibi, upande wa Sanya Juu au West Kilimanjaro. Meno ya Mawenzi yakiwa mbele na makubwa kuliko Kibo iliyojificha nyuma, uko mashariki, Rombo au Taveta. Sasa unaona kwa nini cheni ilitangulia: picha iliyogeuzwa inaihamisha Moshi kwenda Amboseli, na mpaka wa nchi unavukwa mezani.

Kisha umbali. Kamera kuu ya simu nyingi ina lenzi ya takriban milimita 26 kwa kipimo cha filamu ya milimita 35. Kwenye picha iliyolala, isiyokatwa, pima nafasi kutoka kilele cha Kibo hadi cha Mawenzi kama sehemu ya upana wote wa picha. Gawa 8 kwa sehemu hiyo, unapata kilomita hadi mlimani. Nafasi ikiwa robo ya upana, 8 kugawa kwa 0.25 ni kilomita 32: hiyo ni Moshi mjini. Ikiwa sehemu moja ya sita, ni kilomita 48: hiyo ni Amboseli. Ikiwa simu ilivuta mara mbili, tumia 16 badala ya 8. Namba 8 inatokana na 11 mara 26 kugawa kwa 36, yaani umbali wa vilele, urefu wa fokasi na upana wa filamu, kwa hiyo unaweza kuibadili kwa kamera yoyote ukijua lenzi yake kutoka EXIF.

Hesabu hiyo ni nzuri ukiwa kusini au kaskazini moja kwa moja. Ukisogea kuelekea mashariki au magharibi vilele vinakaribiana machoni bila wewe kuwa mbali, na hesabu itakuambia uko mbali kuliko ulivyo. Picha iliyokatwa huiharibu kabisa. Uwiano wa pande ndio unaofichua: simu nyingi hutoa 4 kwa 3, ukiona mraba au umbo lisilo la kawaida, kuna kilichokatwa.

Meru, mita 4,566, huchanganywa na Kilimanjaro na watu waliopita Arusha usiku. Kutoka Arusha ni piramidi. Kutoka mashariki, upande wa Momella, ukuta wake umebomoka na ndani unaona koni ya majivu. Hanang nayo, karibu na Katesh, ni mlima mmoja uliosimama peke yake juu ya uwanda, na imepewa jina la Meru mara nyingi mno.

Milima mirefu iliyojipanga kama ukuta ina mchezo wake, na baiskeli ndiyo inayousuluhisha. Barabara ya Segera kwenda Moshi ina Usambara na Upare upande wa mashariki, kwa safari yote ya kutoka Mombo hadi kupita Same. Upande wa magharibi ni nyika tambarare. Kwa hiyo ukiona cheni, na ukuta wa milima uko nyuma ya mwendeshaji, milima iko kushoto kwake, naye anaelekea kusini, Segera. Usipoiona cheni na milima iko nyuma yake, anakwenda Moshi. Ukijua safari yake ilikwendaje, tayari unajua kama picha inalingana na maelezo.

Kivuli na upepo

Adhuhuri ya Juni, vivuli vya Afrika Mashariki yote huelekea kusini, kwa kuwa jua liko kaskazini. Desemba, huelekea kaskazini ukiwa Nairobi, Arusha au Dar es Salaam. Jua hupita utosini mwa Dar es Salaam mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo kivuli cha baiskeli adhuhuri hukaa chini ya baiskeli yenyewe, na hakuna dira ya kupata hapo. Mwezi Juni, usukani ulio mita 1 juu ya ardhi hutupa Dar es Salaam kivuli cha sentimita 58 hivi wakati jua liko juu kabisa, na Nairobi sentimita 46.

Na adhuhuri ya jua si saa sita kamili. Dar es Salaam ni kama saa 6 na dakika 23 kwa wastani wa mwaka, Kigoma ni kama saa 7 na dakika 2, ingawa saa ya ukutani ni moja. Picha yenye saa ya uhakika na kivuli kifupi kabisa inaweza kukuambia uko mashariki au magharibi ya nchi. Tovuti ya SunCalc inakuchorea mwelekeo wa jua kwa mahali, tarehe na saa yoyote. Weka dhana yako, linganisha mstari wake na kivuli cha nguzo iliyosimama wima. Usitumie kivuli cha baiskeli iliyoegemezwa, imelala kidogo na itakudanganya kwa nyuzi kadhaa.

Pwani, miti iliyo wazi kwa bahari hulala kuelekea kaskazini magharibi kwa sababu ya kusi. Bendera na majani ya minazi husema msimu: kusi ikivuma kutoka kusini mashariki ni kati ya Aprili na Septemba, kaskazi kutoka kaskazini mashariki ni Desemba hadi Machi. Jakaranda zenye maua Nairobi ni Oktoba na Novemba. Mkrismasi mwekundu ni mwisho wa mwaka.

Kuthibitisha

Dhana isiyothibitishwa kwa picha ya pili ni maneno. Anza na Google Lens, kisha Yandex, zote hutafuta mtandaoni picha zinazofanana na yako, kwa kuwa kila moja hutafuta kwa namna yake. Kata picha ubakize mlima tu, kisha kibao tu, utafute kila kipande peke yake. Google Earth Pro ni ya bure: shuka usawa wa ardhi, geuka kuelekea mlima, linganisha mstari wa upeo wa macho na picha. Picha zake za setilaiti za miaka iliyopita hukuonyesha kama jengo lililo nyuma ya baiskeli lilikuwepo. PeakFinder huchora vilele kwa majina kutoka mahali popote utakapoweka. Kenya, Uganda na Rwanda zina Street View, yaani picha za barabarani za Google, ya kutosha kwenye barabara kuu; Tanzania bara unategemea zaidi picha za watu binafsi zilizopakiwa kwenye ramani, pamoja na Mapillary, tovuti ya picha za barabarani zinazopakiwa na watu.

Kwa barabara isiyo na kibao, tumia Overpass Turbo, tovuti ya kuuliza maswali juu ya data za OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kawaida. Unauliza, kwa mfano, mahali pote ambapo reli inakatiza barabara kuu na kuna mnara wa simu ndani ya mita 500. Orodha ya mahali 12 inakaguliwa kwa setilaiti kwa nusu saa. Pasipochorwa na mtu kwenye ramani hapatatokea, kwa hiyo orodha tupu haimaanishi mahali hapapo.

Tafuta angalau vitu vitatu visivyotegemeana: mlima, kona ya barabara na jengo, kwa mfano. Vilele viwili vya mlima mmoja vinahesabika kama kitu kimoja. Na kimoja kikikataa waziwazi, daraja lipo kwenye picha na mahali hapo hapana mto, dhana imekufa, hata kama mengine tisa yanakubali.

Siku hizi ongeza swali moja: je, picha ni ya kweli? Akili mnemba huchora baiskeli vibaya kwa namna inayoonekana. Fuata cheni kwa kidole kutoka meno ya mbele hadi ya nyuma, hesabu kama spoki zinafika kwenye kitovu cha gurudumu, tazama waya wa breki unaishia wapi. Cheni inayopotelea ndani ya fremu haina mahali pa kutafutwa duniani. Ukiiuliza akili mnemba yenyewe picha ilipigwa wapi, itataja Serengeti kwa ujasiri wote. Chukua jibu lake kama dhana nyingine ya kupingwa.

Kuna picha ambazo ukizipata, nyamaza. Nyumba ya mtu, watoto wenye sare ya shule inayotambulika, kambi ya mwanamke anayesafiri peke yake kwa baiskeli na bado yuko njiani, faru aliyepigwa picha asubuhi ya leo. Taja mkoa, basi.

Kwingineko, andika jibu kwa namna ambayo mwingine anaweza kulikagua: latitudo na longitudo, mwelekeo wa kamera, vitu vitatu ulivyolinganisha, na kimoja ambacho hakijakaa sawa kama kipo. Desimali nne za nyuzi zinatosha, ni kama mita 11. Mbili ni kilomita nzima. Na usisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo ukiwa kusini ya ikweta. Moshi ni −3.35, 37.34. Ukiiacha alama hiyo, baiskeli yako inatua kwenye jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, zaidi ya kilomita 700 kutoka ilipoegemezwa.